Harishchandra wa Banaras: Mali Ilikwisha, Lugha Ikabaki

Wahenga walinena ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo ni la kweli, na mengi tuliyoyaona maishani yamelithibitisha. Lakini leo, ndugu msomaji, tumekusudia kukusimulia habari za mtu mmoja wa Bara Hindi ambaye mali yake ilipotea bila daftari, ila habari yake haikupotea. Mtu huyo ni Harishchandra wa Banaras, mshairi na mtunzi wa tamthilia, ambaye wenziwe humhesabu kuwa baba wa fasihi mpya ya Kihindi. Alizaliwa tarehe 9 Septemba 1850 na akafariki tarehe 6 Januari 1885. Hakufikisha hata miaka 35, na bado kipindi kizima cha fasihi ya lugha yake huitwa kwa jina lake.

Ili tupate kuelewa alichokifanya, yatubidi kwanza tujue mali hiyo ilitoka wapi. Ukoo wake ulijihesabu kuwa kizazi cha Amin Chand, mfanyabiashara mkubwa wa Calcutta katika karne ya 18. Mwaka 1757 Robert Clive, jemadari wa ile Kampuni ya Kiingereza iliyokuja Bara Hindi kwa biashara, alikula njama ya kumwangusha Nawab Siraj-ud-Daulah, mtawala wa Bengal. Amin Chand alikuwa mshenga wa njama hiyo, naye akataka fungu lake liandikwe katika mkataba, la sivyo angeitoboa siri. Clive akaandikisha mikataba miwili. Mmoja ulikuwa wa karatasi nyeupe, nao ndio wa kweli. Wa pili ulikuwa wa karatasi nyekundu. Huo ulitaja fungu la Amin Chand, lakini ulikuwa wa kumhadaa tu. Admirali Watson alipokataa kuutia sahihi mkataba wa uongo, sahihi yake iliandikwa kwa mkono wa mtu mwingine.

Tarehe 23 Juni 1757 majeshi yalikutana Plassey. Sisi wa kazi ya uaskari tukiitazama vita hiyo twaona kwamba ilikwisha kuamuliwa kabla mizinga haijalia, kwa maana Mir Jafar, mkuu wa jeshi la Nawab, alikuwa upande wa njama, na sehemu kubwa ya askari waliokuwa chini yake haikupigana. Baada ya ushindi Amin Chand alielezwa waziwazi kwamba hana chake.  Kizazi chake kilihamia Banaras, mji mtakatifu wa Wahindu ulio kandoni mwa mto Ganga, ambao leo huitwa Varanasi, na huko kikastawi tena kwa biashara na kwa kukopesha fedha. Basi mtoto aliyezaliwa mwaka 1850 alizaliwa katika nyumba tajiri, ambayo pia ilikumbuka jinsi mzee wake alivyohadaiwa.

Baba yake, Gopalchandra, alikuwa mshairi aliyetumia jina la Giridhar Das, na nyumba yao ilijaa wasomi, malenga na waimbaji. Inasimuliwa kwamba mtoto angali mdogo sana alitunga beti zilizomfurahisha baba, akaombewa heri ya kuwa mshairi mkubwa. Lakini furaha hiyo haikudumu. Mama alifariki mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitano. Mwaka 1857 askari wa Kihindi waliasi utawala wa Kampuni, damu ikamwagika katika nchi ya kaskazini, na mwaka uliofuata utawala ukatwaliwa na Taji la Uingereza. Mwaka 1860 baba naye akafariki. Kijana akabaki yatima mwenye mali nyingi, jambo ambalo kila mzee wa busara hulihofia. Alipelekwa katika chuo cha serikali mjini Banaras, lakini hakukaa muda mrefu. Elimu yake kubwa aliipata kwa kusoma mwenyewe. Alijua Kisanskriti, Kibengali, Kiurdu, Kiingereza na lugha nyingine kadha. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu alikwisha kuozwa mke, Manno Devi, kwa desturi ya zama zile.

Hebu sasa tuitazame hali ya lugha katika nchi yake. Mahakamani kilitawala Kiurdu kilichoandikwa kwa herufi za Kiajemi. Katika ofisi kubwa kilitawala Kiingereza. Washairi wa Kihindu walitunga kwa Kibraj, lahaja tamu ya zamani iliyosifika kwa nyimbo za mapenzi na za ibada. Lakini ile lugha ambayo mchuuzi, fundi na msafiri walizungumza njiani na sokoni, ambayo chimbuko lake ni nchi ya Delhi, haikuwa bado na nathari ya kutosha kwa herufi za Nagari. Kiurdu chenyewe kilikuwa kimekua juu ya msingi huohuo wa lugha ya Delhi, kikaota tawi lake. Kwa hiyo wasomi wengi waliuliza kama Kihindi cha sokoni kingeweza kubeba elimu, siasa na tamthilia.

Hapana haja ya kumweleza kwa kirefu msomaji wa Kiswahili maana ya swali hilo. Lugha yetu nayo ilikwisha kuitwa lugha ya soko, ya wapagazi na ya kambi za askari, kana kwamba kununua, kubeba na kulinda si kazi za watu wenye akili. Sisi tunaoitumia kila siku katika kazi yetu twajua kwamba lugha inayoweza kutoa amri na kufariji majeruhi haina upungufu wa asili. Kama kuna upungufu, ni wa watu wa kuiandika. Harishchandra aliliona jambo hilo mapema, akaamua kuwa mmoja wa watu hao.

Mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi, alisafiri pamoja na jamaa zake kwenda kuhiji Puri, penye hekalu la Jagannath. Katika safari hiyo alipata kuijua fasihi mpya ya Bengal, ambako watu walikwisha kuanza kuandika tamthilia na magazeti kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 1868 alitoa tamthilia yake ya kwanza, Vidyasundar, aliyoigeuza kutoka Kibengali. Mwaka huohuo, tarehe 3 Aprili, tamthilia ya Kihindi iliyoitwa Janaki Mangal ilichezwa mjini Banaras. Inasimuliwa kwamba mchezaji mmoja aliugua, naye Harishchandra akajifunza sehemu ya mgonjwa kwa muda mfupi sana, akapanda jukwaani akaicheza. Siku hiyo, tarehe 3 Aprili, mpaka leo huadhimishwa na wapenzi wa jukwaa la Kihindi.

Tangu hapo hakupumzika. Kabla ya hapo alikwisha kufungua nyumbani kwake shule ya watoto, wasiotozwa ada. Shule hiyo ilikua, na leo ni chuo cha elimu ya juu chenye jina lake. Mwaka 1868 alianzisha gazeti la Kavivachansudha. Mwanzoni lilichapisha mashairi ya malenga wa kale, kisha likaingia katika mambo ya siku zile. Mwaka 1873 akaanzisha jarida jingine lililochukua jina lake mwenyewe, na ni mwaka huo alioutaja katika kumbukumbu zake kuwa mwaka ambao Kihindi kilipata umbo jipya. Mwaka 1874 akatoa Balabodhini, jarida la wanawake, wakati ambapo wanawake waliojua kusoma walikuwa wachache mno. Karibu na nyumba yake likakua kundi la waandishi vijana ambao aliwahimiza, akawachapishia kazi zao, na mara nyingi akawalisha.

Magazeti hayo yalikula fedha kuliko yalivyoingiza. Serikali ilikuwa ikinunua nakala zake kwa ajili ya shule, lakini alipochapisha kejeli ambayo wakubwa waliiona inawagusa, manunuzi hayo yalikoma. Yeye hakurudi nyuma. Tarehe 23 Machi 1874 gazeti lake lilichapisha ahadi ya watu waliokusudia kutonunua tena nguo za kigeni na kuvaa zilizofumwa nchini. Msomaji akumbuke kwamba wakati huo Gandhi alikuwa mtoto wa miaka minne. Harishchandra alikwisha kuona kwamba pamba hutoka Bara Hindi ikiwa rahisi, hurudi kutoka Uingereza ikiwa ghali, na mfumaji wa kijijini hubaki na kitanda cha mfumi kilicho kimya.

Katika tamthilia ndipo nguvu zake zilipoonekana zaidi. Alijua kwamba watu wengi wa nchi yake hawawezi kusoma gazeti, lakini kila mtu ana macho na masikio. Mwaka 1875 aliandika Satya Harishchandra, habari ya mfalme wa kale ambaye ana jina kama lake, aliyepoteza ufalme, akauza mke na mtoto, na mwishowe akajiuza mwenyewe kuwa mtumwa mahali pa kuchomea maiti palepale Banaras, ili asivunje ahadi yake. Katika Bharat Durdasha aliifanya nchi yenyewe kuwa mtu aliyeanguka, akishambuliwa na Maradhi, Uvivu, Ulevi na Giza, ambao wote hutembea na kusema jukwaani. Humo alilalamika kwamba utajiri wa nchi unakwenda ng'ambo, lakini hakuwaachilia wananchi wenzake waliolala.

Iliyopendwa kuliko zote ni Andher Nagari, maana yake Mji wa Giza, ya mwaka 1881. Hapana budi tukumbushe kwamba mwaka 1878 serikali ya Lord Lytton ilikuwa imetunga sheria ya kuyabana magazeti ya lugha za wenyeji, huku ya Kiingereza hayakuguswa. Inasemekana Harishchandra aliiandika tamthilia hiyo kwa siku moja tu, kwa ajili ya kikundi cha wachezaji wa Banaras. Aliichukua hadithi ambayo watu walikwisha kuijua, wala hakutaja jina la mtawala yeyote.

Hadithi yenyewe ni hii. Mtawa mmoja na wanafunzi wake wawili wafika katika mji ambao kila kitu huuzwa kwa bei moja, mboga na halua sawasawa. Mwalimu ashtuka. Asema kwamba mahali ambapo chema na kibaya vina bei moja hapakaliki, akaondoka na mwanafunzi mmoja. Wa pili, Govardhandas, abaki kula halua akanenepa. Siku moja ukuta waanguka na kumwua mbuzi, mwenye mbuzi apeleka mashtaka kwa mfalme. Mwenye ukuta amlaumu mwashi, mwashi amlaumu mtengeneza chokaa, yeye amlaumu mchukuzi wa maji aliyezidisha maji, mchukuzi amlaumu mchinjaji kwa kutoa ngozi ya kiriba kubwa mno, mchinjaji amlaumu mchungaji aliyemwuzia kondoo mkubwa, na mchungaji amlaumu mkuu wa polisi ambaye msafara wake ulimpumbaza siku ile ya kuuza. Mkuu wa polisi ahukumiwa kunyongwa. Lakini shingo yake ni nyembamba, kitanzi ni kikubwa, na amri ya mfalme lazima itimizwe. Basi askari watumwa wamtafute mtu yeyote mnene. Wamkuta Govardhandas. Hapo mwalimu arudi, amnong'oneza jambo mwanafunzi wake, nao waanza kugombania kitanzi, kila mmoja akitaka afe yeye. Mfalme auliza sababu. Mwalimu amjibu kwamba saa ile ni ya baraka, na atakayekufa ndani yake atakwenda peponi moja kwa moja. Mfalme awanyamazisha wote na kuamuru anyongwe yeye mwenyewe.

Watu walicheka, na bado wanacheka, maana tamthilia hiyo ingali inachezwa shuleni na majukwaani katika nchi ya India. Sisi tuliozoea amri na utii twaipenda kwa sababu moja zaidi. Inaonyesha jinsi hatia inavyoweza kupita mikononi mwa watu saba, kila mmoja akiwa na kisingizio kizuri, mpaka imwangukie yule ambaye shingo yake inalingana na kamba.

Jina la Bharatendu, yaani Mwezi wa India, alipewa mwaka 1880 na waandishi na wasomi wenzake. Jambo hilo lina kisa. Raja Shivprasad, ambaye aliwahi kumfundisha Kiingereza, alikuwa amepewa na serikali ya kikoloni nishani ya Nyota ya India. Mwalimu na mwanafunzi walikwisha kutofautiana juu ya lugha na juu ya siasa. Wasomi wakaona kwamba, ikiwa serikali imetoa nyota, wao watatoa mwezi. Cheo hicho hakikuwa na mshahara, na labda ndiyo sababu kimedumu kuliko majina aliyopewa na wazazi.

Ama mali, ilikuwa ikiyeyuka. Mwaka 1870 urithi ulikwisha kugawanywa kati yake na mdogo wake Gokulchandra, ili angalau nusu moja iokoke. Harishchandra alitoa kwa waandishi, kwa wasomi, kwa wanafunzi, kwa wenye njaa, na kwa waongo waliojifanya wenye njaa. Inasimuliwa kwamba Maharaja wa Banaras, aliyempenda sana, alimwonya aitunze nyumba yake. Naye akamjibu ya kuwa mali hiyo iliwala wazee wake, na sasa yeye ndiye atakayeila. Jibu hilo laweza kuonekana kuwa la mzaha wa tajiri asiyejali. Lakini anayekumbuka mkataba wa karatasi nyekundu atalisikia vingine. Fedha iliyomponza Amin Chand kwa kuwatumikia wageni, mjukuu wake wa baadaye aliigeuza kuwa karatasi za magazeti ya wenyeji.

Hata hivyo hatutaki kumchora kama malaika. Si fedha yote iliyokwenda katika elimu. Alipenda manukato, nguo nzuri, ngoma na nyumba za waimbaji, na mke wake Manno Devi aliyabeba mambo ambayo vitabu vya sifa huyapita haraka. Wanawe wa kiume walikufa wangali wachanga, akabaki binti mmoja. Katika siasa vilevile alikuwa na nyuso mbili kama watu wengi wa tabaka lake: aliandika mashairi ya kuwakaribisha wana wa Malkia wa Uingereza, na akaandika tamthilia za kuulilia umaskini ulioletwa na utawala wa Malkia huyohuyo. Katika kukitetea Kihindi alikidhihaki Kiurdu, ilhali yeye mwenyewe alitunga mashairi ya Kiurdu kwa jina la Rasa. Ugomvi wa lugha hizo mbili ulikuja kukua ukaleta uchungu mwingi baada yake. Na mashairi yake mengi aliendelea kuyatunga kwa Kibraj. Alijaribu kutunga kwa lugha ya sokoni, akakiri kwamba hakuridhika na aliyoyapata. Aliufungua mlango wa nathari na tamthilia. Mlango wa ushairi waliusukuma wengine.

Mwaka 1882, tume ya elimu iliyoundwa na serikali ilipokusanya ushahidi, Harishchandra alitoa maoni yake akitaka watoto wa nchi yake wafundishwe kwa lugha yao na kwa herufi zao. Mnamo Novemba 1884, hali afya yake imekwisha kudhoofika, alikwenda Ballia, mashariki ya Banaras, wakati wa mnada mkubwa wa kila mwaka. Tamthilia zake zilichezwa huko, naye akahutubia watu juu ya njia ya kuiendeleza nchi. Aliwafananisha wananchi wenzake na mabehewa mazuri ya gari la moshi ambayo yamesimama kwa kukosa injini ya kuyavuta. Akawataka waache kungoja mtawala awasukume, wasomeshe watoto wao wa kike na wa kiume, watengeneze vitu vyao, na Wahindu na Waislamu washikane mikono, kwa kuwa wote ni watu wa nyumba moja.

Aliporudi Banaras hakukaa sana. Kifua kikuu kilimmaliza. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa na madeni, na inasimuliwa kwamba wakati fulani barua alizoziandika zililala mezani kwa kukosa pesa ya stempu. Tarehe 6 Januari 1885 akafariki katika mji uleule aliozaliwa, akiacha tamthilia nyingi, mashairi, makala na tafsiri, vyote vilivyoandikwa katika muda wa miaka isiyofika ishirini.

Waliomfuata walikuwa wengi. Vijana wale aliowalisha nyumbani kwake wakawa wahariri na waandishi wa kizazi kizima. Mwaka 1975 chuo cha tamthilia chenye jina lake kilianzishwa mjini Lucknow, na mwaka 1976 serikali ya India ilitoa stempu yenye sura yake. Tukiikumbuka meza ile na zile barua zake, hatuwezi kuitazama stempu hiyo bila kuguswa moyo.

Basi, ndugu msomaji, turudi kwenye neno la wahenga tuliloanza nalo. Hatukushauri uitupe mali yako. Mwenye watoto na aweke daftari. Lakini lugha pia ina daftari lake, nalo huandikwa na wale waliotoa, kila mmoja kwa kadiri yake: huyu fedha, huyu usiku wa kuandika, huyu kununua kitabu na kumsomea mtoto. Harishchandra alitoa kupita kadiri, akafa na madeni. Katika daftari la mali jina lake lilifutwa. Katika hili la pili bado limeandikwa juu kabisa, na chini yake ipo nafasi ya kutosha kwa wengine.